Watoto wa Ibrahimu: Dini tatu katika boma moja

KATIKA shule nyingi za mijini hapa nchini, kuna kipindi ambacho hugawa darasa sehemu mbili. Kengele ya somo la dini ikilia, wanafunzi Wakristo hubaki kwenye madawati yao, nao Waislamu hukusanya vitabu vyao na kwenda chumba kingine, au chini ya mti ikiwa vyumba vimejaa. Waliokuwa wakisaidiana hesabu dakika tano zilizopita sasa wametenganishwa na ukuta.

Lakini ukisimama nje, kati ya makundi hayo mawili, ukatega sikio, unaweza kushangaa. Huku mwalimu anasimulia habari za mzee aliyeiacha nchi ya baba yake kwa sababu Mungu alimwita. Kule mwalimu anasimulia habari za mzee huyo huyo. Huku anaitwa Ibrahimu, na wengine humwita Abrahamu. Kule ni Nabii Ibrahim, rafiki wa Mwenyezi Mungu. Huku wanawe ni Ishmaeli na Isaka, kule ni Ismail na Is-haka.

Jioni, ndani ya matatu, ubishi huanza. Mmoja anasema mtoto aliyenusurika kisu cha babake alikuwa Isaka. Mwenzake anashikilia kuwa ni Ismail. Kila mmoja anaona kwamba mwenziwe amepotoshwa. Wakifika nyumbani na kuwauliza wazazi, aghalabu hupata jibu moja kati ya mawili. La kwanza ni kuwa mambo ya watu wa dini nyingine waachiwe wenyewe. La pili ni kuwa dini zote ni sawa tu, na hapana haja ya maswali mengi.

Majibu yote mawili ni mepesi mno. La kwanza humfanya jirani aonekane mgeni. La pili humfanya aonekane kana kwamba hana imani yake mwenyewe. Makala haya yanajaribu njia nyingine: kutazama ni kitu gani hasa ambacho Wayahudi, Wakristo na Waislamu wanachangia, ni wapi wanapoachana, na kama inawezekana kuyajua yote mawili bila kuharibu ujirani. Hayakusudii kuamua nani mwenye haki. Kwa hilo, kila msomaji ana kitabu chake na mwalimu wake.

Boma la wake wawili

Kulingana na kitabu cha Mwanzo, Ibrahimu alitoka Uru, akapitia Harani, akaishia nchi ya Kanaani. Hakuwa na mtoto. Mkewe Sara, alipoona miaka inakwenda, alimpa mjakazi wake Mmisri aliyeitwa Hajiri ili amzalie. Ndipo akazaliwa Ishmaeli, Ibrahimu akiwa na umri wa miaka 86. Miaka 14 baadaye, Sara mwenyewe akamzaa Isaka.

Msomaji aliyelelewa katika boma la wake wawili hahitaji kuelezwa yaliyofuata. Sara alitaka Hajiri na mwanawe waondoke. Ibrahimu alihuzunika, lakini aliamka alfajiri, akawapa mkate na kiriba cha maji, nao wakashika njia ya jangwani. Maji yalipokwisha na mtoto akawa hali mahututi, Mungu alisikia kilio chake na kumwonyesha mama kisima.

Waislamu nao wanamkumbuka mama huyo, ila kwao bonde lile kavu lilikuwa Makka, na maji yale ni ya Zamzam. Kila anayekwenda Hija hutembea mara saba kati ya Safa na Marwa akikumbuka jinsi Hajar alivyohangaika huku na huku akitafuta maji ya mtoto. Mamilioni ya watu, matajiri kwa maskini, hufuata nyayo za mjakazi.

Kutoka hapo, boma likawa na milango zaidi ya mmoja. Wayahudi huhesabu nasaba yao kupitia kwa Isaka na mwanawe Yakobo, aliyepewa jina la Israeli. Waislamu hueleza kuwa Mtume Muhammad ni wa uzao wa Ismail, na Kurani Tukufu inasema Ibrahim na Ismail ndio walioinua misingi ya Al-Kaaba. Wakristo waliingia kwa mlango mwingine. Mtume Paulo aliwaandikia Warumi na Wagalatia kwamba Ibrahimu ni baba wa wote wanaoamini, hata wasio wa damu yake. Ndiyo maana mkulima wa Nyeri au mvuvi wa Homa Bay anaweza kumwita mzee huyo wa Mashariki ya Kati baba yake.

Kwa hiyo ugomvi wa dini hizi tatu si ugomvi wa watu wasiojuana. Ni ugomvi wa warithi. Kila mmoja anasema yeye ndiye aliyeuelewa vyema wosia wa baba. Na yeyote aliyewahi kuhudhuria kesi ya shamba la marehemu anajua kuwa hakuna kesi chungu kama hiyo.

Hadithi moja, mafunzo matatu

Turudi sasa kwa wanafunzi wetu wawili wa kwenye matatu. Ni nani kati yao aliyesema kweli? Wote wawili walisema kweli kuhusu walichofundishwa.

Mwanzo sura ya 22 inamtaja Isaka kwa jina. Wayahudi huisoma sura hiyo katika sinagogi siku ya pili ya sikukuu yao ya mwaka mpya, wakati ambapo pia hupigwa pembe ya kondoo dume. Pembe hiyo huwakumbusha kondoo aliyenaswa kichakani, akachinjwa badala ya mtoto. Jambo ambalo wengi hawalijui ni kwamba siku ya kwanza ya sikukuu hiyo husomwa sura iliyotangulia, ile ya Hajiri na Ishmaeli jangwani. Kabla ya kumkumbuka Isaka na kisu, Wayahudi humkumbuka kwanza Ishmaeli na kiu yake.

Wakristo wanaisoma sura hiyo hiyo, na kwao pia mtoto ni Isaka. Lakini wao huona ndani yake kivuli cha jambo lililokuja baadaye. Mwana mpendwa anayepanda mlimani akiwa amebeba kuni mabegani huwakumbusha Yesu akibeba msalaba. Ndiyo sababu katika makanisa mengi sura hii husomwa katika mkesha wa Pasaka.

Kurani inasimulia tukio hilo katika sura ya 37. Humo, baba anamweleza mwanawe ndoto aliyoota, na mtoto mwenyewe anakubali amri ya Mungu itimizwe. Jina la mtoto halitajwi katika aya hizo. Wanazuoni wa karne za mwanzo walitofautiana, wengine wakisema Is-haka na wengine Ismail, lakini leo Waislamu walio wengi wanashikilia kuwa alikuwa Ismail. Kila mwaka, Waislamu humkumbuka wakati wa Idd-ul-Hajj, wanapochinja na kuwagawia maskini sehemu ya nyama.

Tofauti ya jina si ndogo, kwa maana inagusa swali la nani aliyeshika urithi wa agano. Lakini yapo ambayo masimulizi yote matatu yanakubaliana: kwamba baba alikuwa tayari kumtii Mungu, na kwamba kisu kilizuiwa. Mungu wa Ibrahimu hakuichukua damu ya mtoto. Kwa watu ambao vizazi vyao vimemwaga damu nyingi kwa jina la Mungu huyo, hilo ni jambo la kutafakari.

Ijumaa, Jumamosi, Jumapili

Katikati ya jiji la Nairobi, mtu anaweza kuzifikia kwa miguu nyumba tatu za ibada kabla ya kuchoka: Msikiti wa Jamia, Kanisa Kuu la Familia Takatifu, na sinagogi iliyo kando ya barabara ya University Way. Jumuiya ya Wayahudi wa Nairobi ilianza mwaka wa 1904. Mwaka mmoja kabla ya hapo, serikali ya Uingereza ilikuwa imependekeza kuwapa Wayahudi waliokuwa wakiteswa Ulaya ardhi ya Uasin Gishu, bila ya kuwauliza wenyeji. Viongozi wa Kizayoni waliukataa mpango huo mwaka wa 1905.

Nyumba hizo tatu zina siku tatu. Waislamu hukusanyika adhuhuri ya Ijumaa. Jua likitua siku hiyo hiyo, Sabato ya Wayahudi huanza, na huendelea hadi Jumamosi jioni. Wakristo wengi huabudu Jumapili, siku wanayoamini Yesu alifufuka, ingawa Waadventista wamebaki na Jumamosi. Siku hizi tatu zilizofuatana zina historia ndefu nyuma yake.

Yesu alizaliwa Myahudi. Alitahiriwa siku ya nane, alisoma vitabu vya manabii katika sinagogi, na wanafunzi wake wa kwanza wote walikuwa Wayahudi. Swali lililolisumbua kanisa changa halikuwa kama Myahudi anaweza kumfuata Yesu. Lilikuwa ni kama mtu asiye Myahudi anaweza kumfuata bila ya kutahiriwa. Mitume na wazee walikutana Yerusalemu mnamo mwaka wa 49 hivi, wakaamua kuwa anaweza. Tangu siku hiyo njia mbili zikaanza kuachana.

Mwaka wa 70, jeshi la Kirumi lililiteketeza Hekalu la Yerusalemu. Pigo hilo lilibadilisha kila kitu. Bila Hekalu hapakuwa na madhabahu wala sadaka za kuteketezwa. Marabi waliwafundisha watu kuwa kusoma Torati, kusali na kutenda mema vitachukua nafasi ya madhabahu. Mafundisho yao yalikusanywa katika Mishna, mnamo mwaka wa 200 hivi, kisha katika Talmudi. Wakristo, kwa upande wao, walisema kuwa Yesu ndiye sadaka ya mwisho. Kwa hivyo si sahihi sana kusema kuwa Uyahudi wa leo ni mama na Ukristo ni binti. Ni afadhali kusema ni ndugu wawili waliotoka ndani ya nyumba iliyoungua, kila mmoja akiwa ameokoa alichoweza.

Uislamu ulianza Makka mwaka wa 610. Waislamu wenyewe hawaihesabu kuwa dini mpya. Kwao ni ile dini ya Ibrahim iliyorudishwa mahali pake, kwa kuwa Kurani inasema Ibrahim hakuwa Myahudi wala Mkristo, bali mtu mnyofu aliyejisalimisha kwa Mungu. Hapo mwanzo Waislamu walielekea Yerusalemu katika sala zao. Kibla kilihamishiwa Makka yapata mwaka mmoja na nusu baada ya Mtume kuhamia Madina mwaka wa 622. Inasimuliwa pia kuwa Mtume aliwakuta Wayahudi wa Madina wakifunga siku ya Ashura kwa kumkumbuka Musa alivyookolewa na Farao, naye akafunga na kuwaamuru wafuasi wake wafunge. Hadi leo Musa ndiye mtu anayetajwa kwa jina mara nyingi zaidi katika Kurani, zaidi ya mara 130.

Fimbo ya mfalme wa Habasha

Kama kuna kisa kimoja ambacho kila mtoto wa Kiafrika, awe Mkristo au Mwislamu, angestahili kukijua, ni hiki.

Mnamo mwaka wa 615 hivi, Waislamu wachache wa mwanzo walikuwa wakiteswa Makka. Mtume aliwashauri wavuke bahari waende Habasha, yaani Ethiopia ya kale, kwa kuwa huko kulikuwa na mfalme Mkristo ambaye hakuna aliyedhulumiwa mbele yake. Wakavuka. Wakuu wa Makka hawakufurahi. Walituma wajumbe wenye zawadi kwa mfalme huyo, ambaye Waislamu humwita Najashi, wakimtaka awarudishe watoro hao.

Mfalme alikataa kuwatoa kabla ya kuwasikiliza. Msemaji wao, Jaafar bin Abi Talib, alieleza dini yao, kisha akasoma mwanzo wa sura ya Maryam, unaosimulia kuzaliwa kwa Yahya na kwa Isa. Inasimuliwa kuwa mfalme alilia hadi ndevu zake zikalowa.

Lakini wajumbe walikuwa na mbinu nyingine. Kesho yake walirudi na kumwambia mfalme awaulize wageni wake wanasema nini hasa kuhusu Isa. Ulikuwa mtego. Jaafar angeweza kusema maneno matamu ya kumfurahisha mwenyeji wake. Hakufanya hivyo. Alisema wazi kuwa Isa ni mja wa Mungu na mtume wake, aliyezaliwa na Maryam aliye bikira kwa neno la Mungu. Hakumwita mwana wa Mungu. Wakuu waliokuwa barazani waliguna. Mfalme aliokota kijiti chini, akasema tofauti haizidi urefu wa kijiti kile. Kisha akawarudishia wajumbe zawadi zao na kuwaacha wakimbizi wakae kwa amani.

Hivyo ndivyo Waislamu wenyewe wanavyokisimulia kisa hiki. Uzito wake uko katika mambo mawili. Mgeni hakuficha imani yake ili apate hifadhi. Na mwenyeji hakungoja wakubaliane katika kila kitu ndipo ampe hifadhi hiyo.

Urefu wa kijiti

Tusijidanganye, hata hivyo. Tangu siku ile, wanazuoni wa pande zote wamekipima kijiti hicho na kukikuta kirefu.

Kwa Mkristo, Yesu ni Mwana wa Mungu, alisulubiwa, akafa na kufufuka, na wokovu umo humo. Kwa Mwislamu, Isa ni miongoni mwa mitume wakubwa, Masihi aliyezaliwa na bikira, lakini si Mungu, na Kurani inakana kuwa alisulubiwa. Kwa Myahudi, Masihi bado hajaja. Mkristo huamini Mungu mmoja katika Utatu. Myahudi na Mwislamu huona kuwa umoja wa Mungu haugawiki kwa namna yoyote ile. Mwislamu huamini Muhammad ni mtume wa mwisho. Wenzake wawili hawakubali hilo.

Hata vitabu si sawa, ingawa vinafanana. Tanakh ya Wayahudi ina vitabu 24, na hivyo hivyo ndivyo Waprotestanti wanavyovihesabu kuwa 39 vya Agano la Kale, kwa kuvigawa na kuvipanga kwa njia nyingine. Wakatoliki wana 46. Waislamu huamini kuwa Taurati, Zaburi na Injili ziliteremshwa na Mungu, lakini hufundishwa kuwa Kurani ndiyo neno lililohifadhiwa bila kubadilika.

Tofauti hizi hazikubaki vitabuni. Wanajeshi wa Msalaba walipoiteka Yerusalemu mwaka wa 1099, waliwaua Waislamu na Wayahudi wa mji huo kwa maelfu. Mwaka wa 1492, wafalme Wakatoliki wa Hispania waliwafukuza Wayahudi, na wengi wao wakapokewa katika milki ya Kiislamu ya Uturuki. Katika karne ya 20, katikati ya Ulaya iliyojiita ya Kikristo, Wanazi waliwaua Wayahudi wapatao milioni sita. Ni baada ya maafa hayo ambapo Mtaguso wa Pili wa Vatikani ulitoa tamko mwaka wa 1965, ukakataa kuwatwika Wayahudi wote lawama ya kifo cha Yesu, na kuzungumza kwa heshima juu ya Waislamu wanaomwabudu Mungu mmoja.

Kadhi na mmishenari

Sisi tunaozungumza Kiswahili tuna bahati ambayo mara nyingi hatuioni. Lugha yetu ilikwisha kuwakutanisha ndugu hawa kabla hatujazaliwa.

Mwaka wa 1844, mmishenari Mjerumani, Johann Ludwig Krapf, alifika Mombasa. Katika miezi yake ya kwanza alianza kutafsiri kitabu cha Mwanzo kwa Kiswahili, na aliyemsaidia alikuwa kadhi wa mji huo. Hebu fikiri: Mkristo na Mwislamu, wameketi pamoja katika joto la Mombasa, wakitafuta maneno ya kukieleza kitabu kilichohifadhiwa na Wayahudi. Hapana shaka kila mmoja alikuwa na yake moyoni. Lakini kazi ilifanyika.

Matunda yake tunayala hadi leo. Mkristo anapotaja imani, nabii, malaika, shetani, sadaka, Injili na Zaburi, anatumia maneno yaliyopitia kwa Waislamu wa Pwani. Anapomaliza sala kwa kusema amina, anasema neno ambalo Mwarabu na Mwebrania pia husema. Na salamu tunayopeana asubuhi ni ndugu wa salaam ya Kiarabu na shalom ya Kiebrania.

Walipomzika baba yao

Kuna mstari mmoja katika Mwanzo sura ya 25 ambao wengi huupita haraka. Unasema kuwa Ibrahimu alipofariki akiwa na miaka 175, wanawe Isaka na Ishmaeli walimzika katika pango la Makpela. Aliyefukuzwa alirudi. Aliyerithi hakumzuia. Hatuambiwi walizungumza nini, ila tunaambiwa kuwa walizika pamoja.

Pango hilo liko Hebroni, mji ambao Waarabu huuita Al-Khalil, yaani rafiki, kwa heshima ya Ibrahim. Juu yake kuna jengo la mawe makubwa lililojengwa enzi za Herode. Limekuwa kanisa, likawa msikiti, likawa kanisa tena, kisha msikiti tena. Kwa karne nyingi, kuanzia enzi za watawala wa Mamluki, Wayahudi hawakuruhusiwa kupita ngazi ya saba ya mlangoni. Mwaka wa 1929 Waarabu waliwaua Wayahudi 67 mjini humo, huku Waarabu wengine wakiwaficha majirani zao Wayahudi majumbani mwao. Tarehe 25 Februari 1994, katika mwezi wa Ramadhani, mlowezi wa Kiyahudi aliingia na bunduki na kuwaua Waislamu 29 waliokuwa katika sala ya alfajiri.

Baada ya mauaji hayo jengo liligawanywa, upande mmoja sinagogi, upande mwingine msikiti, na wanajeshi wa Israeli mlangoni. Kila upande hupewa siku 10 kwa mwaka za kulitumia jengo zima peke yake. Kaburi ambamo ndugu wawili walimzika baba yao pamoja sasa huzuriwa kwa zamu.

Ni kweli kuwa ugomvi wa Hebroni si wa dini pekee. Ni wa ardhi, wa mipaka na wa utawala. Lakini dini ikishatiwa ndani ya ugomvi wa ardhi, kila upande husahau kuwa mwenzake naye ana kaburi la baba pale.

Barabara ya Mandera

Na kwetu je? Sensa ya 2019 ilihesabu Waislamu zaidi ya milioni tano nchini, nao Wakristo ni wengi zaidi sana. Miongoni mwa Wamijikenda wa Pwani au Waluhya wa Mumias, si ajabu mjomba kuitwa Yusuf na shangazi kuitwa Agnes. Sikukuu zikifika, sahani za pilau huvuka ua bila kuulizwa dini.

Lakini tumeonja pia uchungu. Mnamo Novemba 2014, magaidi wa Al-Shabaab walisimamisha basi karibu na Mandera, wakawatenga abiria wasio Waislamu na kuwaua 28. Aprili 2015, walivamia Chuo Kikuu cha Garissa, wakiwalenga hasa wanafunzi Wakristo, na watu 148 wakauawa. Swali lililoulizwa kwa mtutu wa bunduki lilikuwa lile lile la darasani: wewe ni wa upande gani?

Tarehe 21 Desemba 2015, swali hilo liliulizwa tena, ndani ya basi lililokuwa likielekea Mandera. Safari hii jibu lilikuwa jingine. Wanawake Waislamu waliwapa wenzao Wakristo mitandio wajifunike. Abiria walipoamriwa wajitenge, Waislamu walikataa, wakawaambia wauaji wawaue wote au wawaache wote. Mmoja wao, Salah Farah, mwalimu na naibu wa mkuu wa shule, alipigwa risasi. Alifariki Januari 2016, na baadaye taifa likamtunuku nishani.

Abiria wale hawakukaa chini kujadili Utatu wala kusulubiwa kwa Yesu. Hawakusema kuwa dini zote ni sawa. Walibaki Waislamu, na wenzao wakabaki Wakristo. Walichofanya ni kile alichofanya mfalme Mkristo wa Habasha kwa Waislamu miaka 1,400 hivi iliyopita. Deni lililipwa, katika pembe ile ile ya Afrika.

Basi mwanao akirudi nyumbani leo na ubishi wa Isaka na Ismail, usimnyamazishe, wala usimwambie kuwa hakuna tofauti. Mwambie ukweli: kuna tofauti, na ni kubwa, na mwenzake anazishikilia kwa moyo wake wote kama anavyozishikilia yeye. Kisha mwambie kuwa mzee yule alikuwa na watoto wawili, wakatengana, na siku ya msiba wote wawili wakaja. Kesho kengele ya somo la dini itakapolia, ukuta utasimama tena kati yake na rafiki yake. Lakini kipindi hicho si kirefu, na baada yake ni mapumziko.